Prado la familia kwenda Natron na Wasso: nilichobadilisha na nilichokiacha

Prado letu lina kazi mbili. Siku za shule linapeleka watoto na kunifikisha kazini hapa Arusha. Likizo ikifika, lilelile linabeba watu watano kwenda Wasso, wilayani Ngorongoro, kwa dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi huko. Hatupiti juu kwa Karatu. Tunakunja Mto wa Mbu, tunaambaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Selela na Engaruka, tunalala Engare Sero kando ya Ziwa Natron, na kesho yake tunapanda ukingo kwenda Sale hadi Wasso. Gari ni la mwaka 1998, lenye injini ya 1KZ, dizeli ya turbo ya lita 3.0, springi za koili mbele na nyuma. Njia hiyo nimeiendesha miaka sita. Wazazi wenzangu wenye Prado, Escudo na hata RAV4 huniuliza waanzie wapi kuliandaa gari kwa njia kama hiyo, na wengi wanaponiuliza wameshanunua keria ya juu.

Keria iwe ya mwisho. Anza na mizani.

Safari yetu ya kwanza nilipakia kila nilichokiona kwenye magari ya watalii. Nilichomelesha keria ya chuma, nikaweka juu yake madumu mawili ya dizeli, meza na viti, ndani nikaweka mtungi wa gesi wa kilo 15 na maji lita 60. Gari liliinama nyuma mpaka usiku taa zikawa zinamulika matawi ya migunga badala ya barabara, na kila tulipotoka kwenye korongo mkia uligonga chini. Tuliporudi nilimwomba mfanyabiashara wa mahindi mwenye mizani ya magari anisaidie. Nikapima gari tupu lenye tangi lililojaa, nikarudi nyumbani, tukapakia kama tunasafiri, watoto wakapanda, nikapima tena. Tofauti ilikuwa kilo 610. Sisi watu watano ni kilo 260. Zilizobaki, kilo 350, zilikuwa vitu.

Fanya hivyo kabla hujanunua chochote. Linganisha uzito wa jumla na ule ulioandikwa kwenye kibati cha mlangoni au kwenye kitabu cha gari. Ukiruhusiwa, simamisha magurudumu ya nyuma peke yake juu ya mizani, upate na uzito wa ekseli ya nyuma, kwa sababu ndiyo inayoumia. Halafu anza kutoa. Mimi nilitoa keria nzima. Nilitoa madumu ya dizeli baada ya kupiga hesabu rahisi: tangi linachukua lita 90 hivi, gari likiwa limepakia kwenye njia mbaya linakula kama lita 14 kwa kilomita 100, kwa hiyo tangi moja linanifikisha zaidi ya kilomita 600, na Arusha hadi Wasso kwa njia yetu haifiki 400. Nilikuwa nabeba kilo zaidi ya 34 za dizeli kichwani mwa gari bila sababu. Mtungi wa gesi ukawa wa kilo 6. Viti vya nyuma kabisa vinabaki stoo tunapokwenda safari. Zikapungua kilo 170, na gari likawa tofauti siku hiyohiyo, kabla fundi hajagusa nati hata moja.

Kilichobaki kizito kaa nacho chini na katikati. Maji yetu sasa ni madumu manne ya lita 10, nimeyapanga sakafuni nyuma ya viti vya mbele, yamebanwa na mkanda. Kwenye njia iliyolala upande, kilo 50 za juu ya paa na kilo 50 za sakafuni ni vitu viwili tofauti kabisa.

Baada ya uzito, joto. Hapa naomba mwenye 1KZ anisikilize vizuri. Injini hii ina nguvu na inadumu, ila silinda hedi yake haivumilii kuchemka. Ichemke vibaya mara moja tu, inaweza kupasuka, na utaijua kwa maji yanayopungua bila kuonekana yanakovuja na povu kwenye tangi dogo la maji. Na njia yetu inamtafuta mtu palepale: kutoka ziwani, kwenye mita 600 hivi, unapanda ukingo kwa kona kali, gari limejaa, mwendo mdogo, jua linapiga, upepo unatoka nyuma kwa hiyo hauingii kwenye rejeta.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, mtu wa maneno machache. Nilipompelekea gari nikimwambia nataka kwenda Natron, hakutazama tairi. Aliwasha injini, akaiacha ipate joto kamili, akazima, akasubiri feni isimame. Kisha akapitisha kiganja taratibu mbele ya rejeta kutoka juu kwenda chini.

"Weka mkono wako hapa, mama," akaniambia. Palikuwa pa moto. "Sasa weka hapa." Kona ya chini upande wa kulia palikuwa na ubaridi kama ukuta wa nyumba. "Maji hayafiki huku. Hii rejeta inapumua kwa pafu moja, na wewe unataka kuipandisha mlima."

Mirija ilikuwa imeziba kwa miaka ya kujaziwa maji ya kisima. Kwa mizunguko ya mjini isingejulikana kamwe. Tulibadilisha rejeta, kifuniko chake, themostati na hozi zote mbili, ya juu na ya chini, na tangu hapo sijazi kitu kingine ila kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Tukaangalia na klachi ya feni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, sukuma pangaboi kwa mkono: likizunguka kirahisi kama la mtoto, klachi imekufa. Lazima lilete ubishi.

Kitu kimoja nilichoongeza ni geji ya joto inayosoma kwa namba, yenye kihisio kwenye njia ya maji. Mshale wa Toyota unakaa katikati muda mrefu sana, na ukija kunyanyuka umeshachelewa. Namba inakupa nafasi ya kufanya uamuzi. Gari langu hukaa kati ya nyuzi 85 na 92 za Selsiasi. Ikifika 98 nazima AC, nashusha gia moja, napunguza mguu. Ikifika 102 nasimama pa tambarare, naligeuza pua kwenye upepo, naacha injini ipige silensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, ijipoze. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ikiwa ya moto, hata kama abiria wote wanakushauri. Na tunaondoka Engare Sero saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Hiyo haina gharama, na imenisaidia kuliko vifaa vingi.

Tairi ndipo nilipotumia pesa nyingi, na sijutii. Prado hili lilikuja na saizi 265/70R16. Nilikwenda 265/75R16 za matumizi mchanganyiko, zenye meno ya wastani na ubavu mgumu. Kwa hesabu, kipenyo kinatoka milimita 777 hadi 804 hivi, maana yake tumbo la gari linanyanyuka sentimita 1.3. Inaonekana ndogo, lakini ni nyongeza pekee inayonyanyua hata difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, maana springi zinanyanyua bodi tu na difu inabaki ilipokuwa. Kumbuka kwamba spidometa itakudanganya kidogo: ikisoma 80, wewe uko karibu 83. Usiende kubwa zaidi ya hapo kwenye gari hili bila kukata vitu, na breki pamoja na gia zitaanza kulalamika.

Mitaani tairi za mtumba zinazotoka nje zinang'aa kwa rangi nyeusi waliyopaka. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikisomeka 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na mpira uliokaa muda huo utachanika ubavu kwenye mawe ya Engaruka hata kama meno bado marefu. Nilinunua tano mpya, si nne, ili na la akiba liwe saizi hiyohiyo. Tairi la akiba dogo kuliko mengine, kwenye gari linalozungusha magurudumu yote manne muda wote, linaipa kazi mbaya difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ila la akiba likiwa zito zaidi, bawaba za mlango wa nyuma zinapata tabu, kwa hiyo kagua nati zake na uangalie kama chuma cha mlango kina ufa.

Tairi bila kipima upepo ni nusu ya kazi. Lami, gari limepakia, naweka psi 32 mbele na 36 nyuma. Ikianza changarawe na rasta, ile mikunjo ya barabara inayotetemesha meno, nashusha hadi 26 mbele na 28 nyuma, na sizidishi mwendo wa 60. Vumbi la majivu ya volkano kuelekea Engare Sero, laini kama unga wa muhogo, linataka 18 pande zote na mwendo usiozidi 40. Mara ya kwanza nilishuka pale tumezama mpaka karibu na ekseli, mume wangu akichimba na watoto wakikusanya mawe. Tukahangaika zaidi ya saa moja. Morani mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akaja, akainama, akabonyeza tairi kwa dole gumba na kusema, "Mama, toa upepo." Tukatoa. Gari likatoka lenyewe kwa mkono mdogo, ule wa kando ya gia, ukiwa kwenye LL, yaani gia nzito na difu ya katikati imefungwa, bila kusukumwa. Tangu siku ile kompresa ndogo ya kubana kwenye betri ndiyo kifaa cha kwanza kuingia garini, kwa sababu ukishusha upepo lazima uwe na njia ya kuurudisha kabla ya lami. Iwashe injini ikiunguruma, na nyaya zake ziwe na fyuzi karibu na betri.

Springi sasa. Hapa nilipoteza pesa na nusura nipoteze kingine. Kabla sijampata mzee wangu, gereji moja mjini iliniambia gari litapendeza likiinuliwa, wakachomeka vipande vya chuma juu ya springi za mbele, sentimita 8. Kwa macho lilipendeza. Prado hili mbele halina ekseli nzima. Kila gurudumu linaning'inia peke yake, na shafti zake zinapinda kufuata urefu uliouweka. Kwa sentimita 8 zilipinda kuliko zilivyoumbwa. Ndani ya miezi miwili mipira ya shafti ilichanika, grisi ikatapakaa ndani ya rimu, vumbi likaingia, na usukani ukawa unazurura barabarani hasa nikikutana na lori. Nilikuwa nawapeleka watoto shule na gari hilo.

Kilichofaa ni springi mpya zenye nguvu kidogo zaidi, zinazonyanyua sentimita 4 mbele na 4 nyuma, pamoja na shokapu zake zilizolingana nazo. Za nyuma chagua kwa uzito ulioupata kwenye mizani. Ukiweka springi za kubeba kilo 400 za muda wote wakati siku za kawaida unabeba mabegi ya shule, gari litaruka kama punda na mkia utahama kwenye kona zenye changarawe. Mimi nilichukua za daraja la kati, nikaongeza mifuko ya hewa ndani ya koili za nyuma. Mjini naiacha na upepo mdogo kabisa, safarini najaza. Baada ya kufunga, gari lazima liende kwenye alaimenti, halafu urudi tena baada ya kilomita 1,000, na fundi abadilishe bushi zilizochoka kabla ya kulaumu springi.

Shokapu zinakufa kwa rasta. Baada ya nusu saa kwenye mikunjo simama, sogeza kiganja karibu na kila moja bila kuishika. Tatu zikiwa za moto na moja ni baridi, hiyo ya baridi haifanyi kazi.

Rasta pia inafungua nati, na dawa yake naitoa kwenye pochi. Baada ya fundi kukaza kila kitu kwa kipimo, napita na rangi nyekundu ya kucha, nachora mstari mmoja kuanzia juu ya nati hadi kwenye chuma kilicho jirani: nati za shokapu, za mikono ya chini inayoshika magurudumu, za betri, za tairi la akiba. Jioni tukifika kambini binti yangu wa kwanza, mwenye miaka 13, anaingia chini na tochi. Mstari ukiwa umenyooka, nati ipo salama. Ukivunjika, nati imehama, anaita, nakuja na spana. Mwaka juzi aliikuta nati ya shokapu ya nyuma kushoto imezunguka robo nzima.

Ndani ya gari fikiria vichwa vya watoto. Kitu chochote kilicho nyuma ya kiti chao, breki ya ghafla itakileta mbele. Nilimpa seremala vipimo, akatengeneza sanduku la plaiwudi la milimita 12 lenye droo moja, limefungwa kwa bolti kwenye matundu ya viti vilivyotolewa, hakuna tundu jipya lililotobolewa. Bolti nne, dakika 20, linatoka. Juu yake kuna wavu mzito uliofungwa pande nne. Jeki, spana na mtungi wa gesi vinakaa ndani ya droo, kamwe si juu.

Kwa kunasa, beba vichache unavyojua kuvitumia: koleo fupi, mbao mbili za kuweka chini ya tairi, kipande cha ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30 cha kukalisha jeki, kamba ya kuvutia yenye kunyumbuka na shekeli mbili zilizoandikwa uwezo wake. Halafu ingia chini ya bampa uangalie utafunga wapi. Vile vipete vyembamba vilivyo mbele kwenye magari mengi ya Japani ni vya kufungia gari melini. Havikutengenezwa kuvutwa kutoka kwenye tope, na kikikatika kamba ikiwa imekaza kinaruka kama risasi. Fundi alinifungia kulabu mbili nene kwa bolti kwenye chesisi, moja mbele na moja nyuma. Tupia blanketi zito katikati ya kamba, na watoto wasimame mbali, umbali unaozidi urefu wa kamba yenyewe.

Snoko, lile bomba linalopandisha mdomo wa hewa ya injini hadi usawa wa paa, sikuweka. Njia yetu ina vumbi zaidi kuliko maji, na korongo likijaa tunasubiri lishuke. Saa tatu za kusubiri Engaruka ni nafuu kuliko injini. Nilichofanya ni kazi ya bei ndogo: paipu za kupumulia za difu na gia boksi nimezirefusha hadi juu kwenye injini. Difu ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi inavuta hewa ndani, na kama paipu yake ni fupi itavuta maji. Ukifungua oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa, ndicho kilichotokea. Taa za ziada nimeweka mbili za njano kwa ajili ya vumbi. Friji, betri ya pili na hema la juu ya paa sina. Deli la plastiki lenye chupa za maji yaliyogandishwa linatufikisha siku mbili.

Dizeli naijaza Mto wa Mbu. Ukilazimika kununua ya kwenye madumu vijijini, chuja kwa kitambaa na uwe na filta ya akiba. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, kuna maji: simama, legeza kidude cha chini ya filta, yatoke, kaza.

Ukifika Natron usilipeleke gari kwenye ukoko mweupe wa magadi kwa ajili ya picha. Juu pamekauka, chini ni tope, na hakuna mti wa kufungia kamba. Egesha kwenye ardhi ya kahawia utembee kwa miguu. Na magadi yanakula chuma, kwa hiyo siku ya kurudi, kabla ya kwenda nyumbani, napitia kuosha gari tumboni: ndani ya chesisi, juu ya tangi, nyuma ya matao ya magurudumu, mpaka maji yanayotoka yasiwe na weupe. Rejeta naipulizia maji ya nguvu ndogo kutoka nyuma kwenda mbele, kutoa mbegu za nyasi. Kisha sanduku linatoka, mifuko ya hewa inashushwa, viti vinarudi, upepo unakuwa 30 mbele na 32 nyuma, na mkono mdogo nahakikisha uko kwenye H, kwa sababu kuliacha kwenye HL, difu ya katikati ikiwa imefungwa, juu ya lami ya Njiro hapa Arusha kunaitafuna difu ya katikati taratibu bila kelele ya kukuonya. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunaondoka kwenda shule.